Karafuu haiondoshi sumu: dhana za mtaani na nilichokiona maabara

Muuza viungo mmoja wa Darajani alinipa kalamu ya wino mzito na vifuko vyake vya karafuu. "Daktari, niandikie hapa: inaondosha sumu mwilini." Ananiita daktari ingawa sijapata kumchoma mtu sindano. Kazi yangu ni bayokemia ya vyakula, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya utafiti imepita nikipima antioksidanti. Maneno anayoyataka nayasikia barzani, harusini, na kwenye ujumbe wa sauti wa shangazi yangu wa Wete.

"Antioksidanti ni kiondoa sumu." Nahisi tafsiri ndiyo iliyotuponza. Sumu zina wenyewe wa kuzishughulikia, ini na figo. Antioksidanti huzuia uharibifu unaoletwa na oksijeni. Kata bilingani uliache juu ya kibao, halitachukua muda litageuka rangi. Likamulie ndimu, litachelewa: asidi inakilegeza kimeng'enya kinacholitia weusi, na vitamini C inaingilia kati. Mwilini mna radikali huru, yaani molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzake, zinazopokonya za majirani. Antioksidanti hutoa ya kwake, ikatulia.

"Karafuu inaongoza kwenye vipimo, basi anayeinywa amekingika." Hapa na mimi nimo kwenye lawama, kwani miaka yangu ya mwanzo niliitumia kutafuta namba kubwa. Kipimo chenyewe kinavutia macho. Unachukua kemikali iitwayo DPPH, rangi yake zambarau iliyokoza, ukaiyeyusha kwenye methanoli. Unadondoshea maji ya karafuu, unaweka kizani nusu saa. Ukifungua, zambarau imekwisha, imebaki manjano kama maji ya bizari. Mashine inasoma mwanga wa nanomita 517 na kukupa hesabu. Karafuu za Pemba hazijapata kuniangusha kwenye kipimo hicho.

Lakini kile ni kichupa, hakina utumbo wala ini. Polifenoli, yaani antioksidanti za mimea kama zilizomo kwenye karafuu, nyingi tunazokula hupenya kidogo tu kuingia damuni, na zinazopenya hubadilishwa na ini na kutolewa kwa mkojo. Mwaka 2004 watafiti wa Oregon walitoa matokeo ya watu waliolishwa matufaha. Nguvu ya antioksidanti katika damu yao ilipanda kweli, ila sababu kubwa ilikuwa asidi ya yuriki, ambayo mwili wenyewe uliitoa kwa sababu ya sukari ya tunda! Nilipousoma utafiti ule niliona namba zangu za zambarau na manjano zimepungua uzito. Tangu hapo swali langu likawa jingine: nini kinafika damuni, na kinafika kikiwa na sura gani? Wizara ya Kilimo ya Marekani nayo iliiondoa mtandaoni orodha yake ya alama za ORAC, kipimo kingine cha kichupani cha nguvu ya antioksidanti, mwaka 2012, kwa kuwa wauzaji walikuwa wakiitumia kunadi bidhaa.

"Kama chakula kinafaa, kidonge kitafaa zaidi." Hii ndiyo inayonitia hofu. Finland, wanaume 29,133 wavutaji sigara waligawiwa makundi, wengine wakapewa beta-karotini, ile inayolipa boga na embe rangi yake. Matokeo yalitoka 1994: waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasioimeza. Marekani jaribio la namna hiyo, lililochanganya na vitamini A, lilisimamishwa mapema Januari 1996 kwa sababu hiyo hiyo. Boga la nazi halina kesi hapa. Kesi ni ya dozi kubwa ya kitu kimoja kilichotengwa na wenziwe, tena kwa mvutaji.

"Radikali huru zote ni adui." Chembe nyeupe za damu huzitengeneza kwa makusudi ili ziue vijidudu. Nayo misuli ikifanya mazoezi huzitumia kama ishara ya kujiimarisha.

"Karafuu hutuliza jino kwa sababu ya antioksidanti." Inatuliza kweli, ila ni kazi ya yujenoli kutia ganzi kwenye neva. Yujenoli ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, yakiwemo yanayokamuliwa kutokana na makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kule Wawi, Pemba. Mafuta hayo usimpe mtoto anywe hata kijiko: wapo watoto waliomeza wakaumia ini, na visa vyao vimeandikwa.

Shangazi nilimweleza yote haya kibarazani, yeye akichambua karafuu, makonyo huku, karafuu kule. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Sasa chai yangu niiache?" Nikamwambia aa, shangazi, endelea nayo, ila dawa yako ya presha usiiache. Akacheka, maana alikuwa amekwisha kuiacha siku tatu.

Na yule wa Darajani nilimwandikia: "Karafuu. Pemba." Akageuza kifuko, akatazama nyuma kama kuna mengine.