“Babu Alikwenda Moja kwa Moja Hadi Kansas”: Dhana Potofu Katika Kufuatilia Familia za Wakulima wa Marekani

Kazi yangu ni kuwatafutia watu koo zao, na kwa mara nyingine mwezi huu mteja ameniletea hadithi ileile: babu wa babu aliuza kila kitu huko Ohio, akafunga maksai kwenye gari lenye turubai, akasafiri na mke na watoto wake tu, na hakusimama mpaka alipoona tambarare za Kansas. Hadithi ni tamu, nami nimechoka nayo, kwa sababu ndiyo inayowapotezea wateja fedha kuliko kosa jingine lolote. Anayeiamini hutafuta nyaraka Ohio na Kansas peke yake, na akizikosa anahitimisha kwamba ukoo wake haukuandikwa popote.

Ukweli ni kwamba familia nyingi za wakulima wa karne ya 19 zilihama kwa hatua: jimbo moja, miaka kadhaa ya kulima, kisha jimbo linalofuata. Ushahidi wa hatua hizo umo katika daftari la sensa ambalo mteja tayari anayo nakala yake, ila amelisoma vibaya. Sensa ya shirikisho imefanyika kila baada ya miaka 10 tangu 1790, lakini hadi ile ya 1840 aliyetajwa kwa jina alikuwa mkuu wa kaya pekee, na wengine walihesabiwa kwa jinsia na makundi ya umri. Ile ya 1850 ndiyo ya kwanza kumtaja kila mtu huru pamoja na mahali alipozaliwa. Chukua mfano wa kaya ya Kansas mwaka 1880: baba amezaliwa Pennsylvania, mama Ohio, binti wa miaka 19 Indiana, mvulana wa miaka 15 Iowa, mdogo wake wa miaka 11 Iowa, na kitinda mimba wa miaka 4 Kansas. Soma safu ya umri pamoja na safu ya mahali pa kuzaliwa, na njia nzima inajichora: Indiana yapata 1861, Iowa kufikia 1865 na bado Iowa mwaka 1869, Kansas kufikia 1876. Hivyo ni vituo viwili ambavyo masimulizi ya ukoo yamevimeza, na katika kila kimoja huenda kuna hati za ardhi, za ndoa na za mirathi zinazosubiri katika mahakama ya kaunti. Kansas yenyewe iliwarahisishia watafiti kazi, kwani sensa za jimbo za 1875 na 1885 ziliuliza mambo mawili tofauti: mtu alizaliwa wapi, na alitoka wapi kuja Kansas. Aliyezaliwa Ohio akaandikiwa Iowa katika safu ya pili hakukosewa na karani; huyo anakutajia kituo chake cha mwisho.

Na hiyo “mke na watoto wake tu” nayo si kweli mara nyingi. Wakulima walihama na mashemeji, na majirani, na waumini wenzao. Waquaker, yaani waumini wa dhehebu moja la Kikristo, walipohama walibeba hata vyeti vya kuhama kutoka mkutano (usharika wao) mmoja kwenda mwingine, na vyeti hivyo viliandikwa katika kumbukumbu za mikutano. Kwa hiyo siku zote ninasisitiza kusoma kurasa kadhaa za sensa kabla na baada ya ile yenye jina unalolitafuta. Sheria ya Homestead ya tarehe 20 Mei 1862 ilimpa mkulima hadi ekari 160 za ardhi ya serikali kwa sharti la kuishi hapo na kulima kwa miaka mitano, na alipokwenda kuthibitisha madai yake alihitaji mashahidi wawili waliomfahamu, ambao aghalabu walikuwa majirani na pengine ndugu. Ushahidi wao umo katika jalada la madai hayo lililo katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka mjini Washington, pamoja na maelezo ya nyumba, ekari zilizolimwa, na karatasi za uraia ikiwa mhusika alizaliwa ng’ambo. Wateja huridhika na hatimiliki, ambayo ni karatasi moja. Kuchukua hatimiliki ukaliacha jalada ni kununua nazi ukaondoka na kifuu. Hata aliyeshindwa kutimiza miaka mitano anaweza kuwa na jalada, ingawa hatimiliki hakupata.

Ushauri wangu mwingine, ambao nitaurudia hadi nistaafu: tafuta mahali alipouza kabla ya kutafuta aliponunua. Katika majimbo mengi mke alitakiwa kuachia haki yake katika ardhi ya mume, kwa hiyo hati ya kuuza hukupa jina lake la kwanza, na tarehe yake hukusogeza karibu na siku ya kuondoka.

Mengine nayasema kwa ufupi. Wengi hudai jina la ukoo wao lilibadilishwa Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji huko New York. Jina la familia iliyokuwa ikilima Indiana mwaka 1861 halikubadilishwa huko, kwa kuwa kituo hicho kilifunguliwa mwaka 1892, na hata hapo maofisa walifanya kazi kwa kufuata orodha zilizoandaliwa na kampuni za meli. Tahajia ilibadilika kwa sababu kila karani aliandika alivyosikia. Tafuta kwa sauti, usitafute kwa herufi.

Wengine wanaikosa sensa ya 1890 na kudhani imefichwa mahali; haijafichwa. Sehemu kubwa yake iliharibiwa na moto mjini Washington Januari 1921, na mabaki mengi yakateketezwa baadaye kwa idhini ya serikali. Kwa Kansas, pengo hilo zibeni kwa sensa za jimbo za 1885 na 1895.

Wapo pia wanaoniambia kwamba wakulima weusi hawakwenda magharibi. Nicodemus, Kansas, ilianzishwa mwaka 1877 na walowezi weusi, wengi wao kutoka Kentucky. Ugumu wa kuwafuatilia uko kwingine: kabla ya 1870 waliokuwa watumwa kwa kawaida waliorodheshwa kwa umri, jinsia na rangi, bila jina. Ukimpata mtu Nicodemus mwaka 1880, andika majina ya kaya zote za ukurasa ule, kisha yatafute pamoja katika sensa ya Kentucky ya 1870. Ukiona matatu au manne katika kaunti moja, kaunti hiyo ndiyo ya kuanzia kusoma wosia na hesabu za mirathi za wamiliki wa mashamba waliokuwa na watumwa.