Puti kujaa kwenye cheni sio utabiri wa soko kuanguka

Jamani hii ya kuona puti (opsheni, yaani mikataba, zinazokupa haki ya kuuza kwa bei iliyopangwa, hupanda thamani soko likishuka) zimejaa kwenye cheni (orodha ya opsheni zote zilizopo) halafu mnatangaza soko linadondoka imenichosha. Wiki hii nimetumiwa tena skrinshoti ya opsheni za S&P 500, indeksi ya hisa za makampuni makubwa ya Marekani, straiki (bei iliyopangwa kwenye mkataba) moja ya chini imezungushiwa duara jekundu, na maneno: wakubwa wanajua kitu. Wanajua nini? Kila mkataba ulio wazi pale (haujafungwa wala kuisha) una aliyenunua na aliyeuza, wote wawili wanahesabiwa kwenye namba hiyohiyo moja. Cheni haikwambii nani alikuwa na haraka, wala kama ile puti ni mguu mmoja tu wa spredi (opsheni moja umenunua, nyingine umeuza) na mguu wa pili uko straiki kadhaa chini yake.

Ukitaka ushahidi nenda India. Matreda wengi wa Nifty, indeksi ya hisa ya huko, wakiona rundo la puti wanasema hapo ni sapoti, soko halivuki kwenda chini, maana wanaamini wauzaji wa opsheni ndio wenye hela. Huku Marekani rundo kama hilo linaitwa hofu. Namba moja, majibu mawili yanayopingana, na hakuna kati yao aliyeona nani kanunua!

Halafu kwenye indeksi puti nyingi ndio kawaida. Mifuko mikubwa imeshika hisa mwaka mzima, haiwezi kuziuza kila wakiingiwa wasiwasi, kwa hiyo wananunua puti za SPX, yaani za indeksi ya S&P 500, na mtu akikata bima ya gari hajatabiri ajali. Ndio maana uwiano wa puti kwa koli (opsheni za haki ya kununua) wa SPX kukaa juu ya 1 sio habari, wakati kwenye hisa mojamoja, ambako watu wanapenda koli, kwa kawaida uko chini ya 1. Linganisha SPX na SPX yenyewe ya nyuma, basi.

Kuna mfuko wa JPMorgan Hedged Equity, kila mwisho wa robo mwaka unanunua puti, unauza puti nyingine chini yake, na unauza koli juu ili kulipia. Rundo lake linaonekana waziwazi kwenye cheni na kila robo kuna mtu anashtuka, wakati ule ni utaratibu wa mfuko, utafanyika hata wasimamizi wake wawe na furaha kiasi gani. Kuna na boksi spredi, watu wanakopeshana hela kupitia koli na puti za straiki mbili, zinajaza pande zote na hazina mtazamo wowote kuhusu soko.

Mikataba iliyo wazi inahesabiwa mara moja kwa siku, unachokiona leo ni cha jana. Na tangu 2022 SPX ina opsheni zinazoisha kila siku ya kazi, mtu ananunua asubuhi anauza mchana, kwenye hesabu hiyo hatokei kabisa.

Mimi naangalia bei. Chukua tarehe moja ya kuisha, linganisha volatiliti (mtikisiko wa soko unaotarajiwa, unaosomwa kwenye bei ya opsheni) ya puti ya mbali chini na ya koli ya mbali juu. Tangu 19 Oktoba 1987, S&P 500 iliposhuka zaidi ya 20% siku moja, puti za chini zina volatiliti kubwa zaidi, kwa hiyo pengo lenyewe sio habari, habari ni pengo kubadilika. Na hata hofu ya kweli haisemi kesho itakuwaje: VIX, kipimo cha mtikisiko unaotarajiwa kinachotengenezwa na opsheni hizihizi za SPX, ilifunga 82.69 tarehe 16 Machi 2020, na S&P 500 ilifika chini kabisa wiki moja baadaye, tarehe 23.

Chati za gama za madila (makadirio ya jinsi kampuni zinazouziana opsheni na wateja zitakavyolazimika kununua au kuuza soko likisogea ili kujikinga) nazisoma lakini sizipi uzito, nyingi zinaanza na dhana kwamba dila ameuza puti na amenunua koli, na kwa opsheni za siku moja naona dhana hiyo inayumba vibaya. Pengo nalo lina matatizo yake. Soko likipanda taratibu, volatiliti ya straiki za katikati na za juu inashuka na pengo linatanuka lenyewe, wakati hakuna aliyekimbilia puti. Hata puti ikipanda bei, huenda wanunuzi wameongezeka au wauzaji wamejitoa tu, kwa nje vinafanana. Kwa hiyo naanza na volatiliti ya ile puti yenyewe, kama haijasogea kutoka jana naachana na habari ya hofu.