Waogiek na Msitu wa Mau: Dhana Potofu Zisizokoma

Kila muhula, katika somo langu la historia ya ardhi, hujitokeza mwanafunzi anayedai kwamba Waogiek, jamii ya asili ya Msitu wa Mau nchini Kenya, hawakuwa na ardhi, bali walitangatanga tu msituni wakifuata asali na wanyama. Dhana hii hunichosha kuliko nyingine zote, kwa kuwa ndiyo iliyozizaa hizo nyingine.

Ukweli ni kwamba Mau iligawanywa kwa koo. Kila ukoo ulikuwa na ukanda wake uliopanda kutoka nyanda za chini hadi msitu wa juu, na mpaka wake na jirani ulikuwa mto au mgongo wa kilima. Ukanda ulipanda hivyo kwa sababu ya nyuki: miti haichanui kwa wakati mmoja katika kila mwinuko, kwa hiyo familia iliyohamia juu ilifuata mavuno ya mizinga yake yenyewe, iliyochongwa kwa magogo na kutundikwa mitini. Anayeita huko kutangatanga na amwite mzururaji pia mkulima mwenye mashamba mawili. Tume ya ardhi ya kikoloni iliyoongozwa na Morris Carter, ambayo ripoti yake ilichapishwa mwaka 1934, haikuuheshimu mgawanyo huo, ikapendekeza Waogiek wahamishiwe katika maeneo ya makabila jirani. Ndiyo maana huwahimiza wanafunzi wajifunze kwanza majina ya mito na mipaka kwa wazee, kisha ndipo wafungue ramani ya Serikali.

Wengine husema kwamba Waogiek ndio walioumaliza msitu. Mwaka 2001 Serikali yenyewe iliondoa zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki katika hifadhi, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha, katika hukumu yake ya tarehe 26 Mei 2017, ilikataa hoja kwamba kuwafukuza Waogiek kulihitajika ili kuuhifadhi msitu.

Eti wanaolima na kufuga leo si Waogiek tena? Hakuna jamii nyingine inayotakiwa kuishi kama mababu zake ili idai urithi wao.

Wapo pia wanaodhani kwamba hukumu ilimaliza mambo. Mwezi Juni 2022 Mahakama hiyo iliamuru Waogiek walipwe fidia ya shilingi 157,850,000 za Kenya na wapewe hatimiliki ya pamoja ya ardhi yao. Mwezi Novemba 2023, huko Sasimwani katika Kaunti ya Narok, nyumba zao zilibomolewa.