Hanang haukulipuka: yanayosemwa na yaliyotokea Katesh

Alfajiri ya Jumapili, Desemba 3, 2023, tope lilishuka kutoka Mlima Hanang likapita katikati ya Katesh, mji mdogo ulio kusini mwa mlima huo, mkoani Manyara. Kijiji cha Gendabi nacho kiliumia vibaya. Hesabu ya mwisho ya waliofariki ilikuwa 89. Habari za siku ile zilisambaa haraka kwenye simu zetu, za kweli na za uongo zikiwa zimechanganyika, na baadhi ya zile za uongo bado zinaishi.

"Ilikuwa volkano."

Hii ndiyo iliyotia fora, na siwalaumu walioiamini. Hanang ni volkano kweli, wenye urefu wa mita 3,400 na ushei, tena umesimama ndani ya Bonde la Ufa. Ukienda kaskazini utakutana na Ol Doinyo Lengai, uliolipuka mwaka 2007 na kuendelea hadi 2008. Isitoshe, tope zito lililobeba mawe hunguruma na kutikisa ardhi linaposhuka. Mtu akigutushwa usingizini na kishindo cha namna hiyo, huku mlima wenyewe amefundishwa tangu shule ya msingi kuwa ni volkano, atafikiri nini kingine?

Ila wataalamu wa jiolojia waliofika pale hawakukuta dalili za mlipuko. Msemaji Mkuu wa Serikali wa wakati huo, Mobhare Matinyi, alieleza kuwa sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua, ikalemewa, ikameguka. Hata bila mtaalamu, tazama kilichofukuliwa mitaani: udongo, mawe na magogo. Lava isingeacha magogo.

Ubishi huu si wa kupoteza muda. Anayeamini kuwa ni volkano atakuwa anachungulia moshi kileleni, na mwaka ambao hauoni atalala usingizi wa pono mvua ikinyesha usiku wa tatu mfululizo.

"Basi kama volkano imelala, mlima hauna neno."

Hapa watu wanatoka kwenye kosa moja na kuingia jingine. Volkano ya kale ni rundo la tabaka za majivu na lava zilizooza kwa miaka mingi, na miteremko yake ni mikali. Maji yakipenya kwenye udongo ulio juu ya mwamba, uzito unaongezeka na mshiko unapungua, na wakati fulani kipande kinaachia. Mlima Elgon nao ni volkano iliyozimika zamani. Machi 1, 2010, upande wake wa Uganda, kijiji cha Nametsi wilayani Bududa kilifunikwa na udongo na watu zaidi ya 100 wakapotea. Pale pia hapakuwa na moto.

"Ni mafuriko tu, kama ya Jangwani."

Mkazi wa Dar es Salaam anajua maji yanavyopanda: yanaanza kwenye vifundo vya miguu, unabeba godoro, unahamia kwa shemeji. Tope la mlimani halikupi nafasi hiyo. Ujazo uleule wa tope lenye mawe unakaribia kuwa na uzito mara mbili ya maji, na ndiyo maana linaweza kubeba jiwe kubwa kama gari dogo. Linapofuata korongo linakula kingo zake na kung'oa miti, kwa hiyo linafika chini likiwa kubwa kuliko lilivyoanza. Magogo yakikwama kwenye kona au darajani, tope linapanda na kutoka nje ya korongo. Ndipo linapovamia nyumba ambazo mwenyewe aliapa kuwa ziko mbali na mto.

Kwa hiyo usijaribu kuvuka, na usikimbie kuelekea chini ukifuata korongo, maana tope linakwenda njia hiyohiyo. Kimbilia pembeni, palipoinuka. Tatizo kubwa la Katesh lilikuwa saa: wengi walikuwa bado kitandani.

"Watu wamekata miti."

Ukweli nusu, na ndiyo maana unashika. Februari 1970, mvua ya saa chache ilisababisha maporomoko zaidi ya 1,000 katika bonde la Mgeta, kwenye milima ya Uluguru. Karibu yote yalikuwa mashambani na kwenye nyasi. Ndani ya msitu yalikuwa machache mno. Kwa hiyo miti inasaidia, hilo halina mjadala. Lakini Hanang una msitu wa hifadhi, na bado ukameguka. Mizizi hushika udongo wa juu. Maji yakishapenya chini ya mizizi, mti unaondoka pamoja na udongo wake, na yale magogo ya Katesh ni ushahidi. Panda miti, lakini usijenge korongoni kwa sababu umepanda miti.

"Hakuna aliyeonya."

Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikwisha kusema, miezi kadhaa kabla, kwamba El Niño ingeleta mvua za vuli za juu ya wastani. Onyo lilikuwepo. Lakini utabiri wa msimu mzima haumwambii mama wa Gendabi kwamba usiku wa leo asilale nyumbani. Kwa mji mdogo chini ya mlima, naona kinachofaa zaidi ni kipimo cha mvua huko juu, mtu wa kukisoma usiku, na kipaza sauti cha msikiti, kengele ya kanisa au king'ora, sauti ambayo kila mtu anajua maana yake. Si vitu vya gharama ya kutisha.

"Limeshapita, halirudi."

Udongo mzuri ulio chini ya milima kama huu ulitoka juu, kidogo kidogo au kwa mkupuo, kwa hiyo kilichotokea kinaweza kujirudia. Na mvua si kichocheo pekee, hata tetemeko linaweza kumegua mlima: Mei 1964 tetemeko la ukubwa wa zaidi ya 6 lilitikisa eneo la Mbulu, majirani wa Hanang.

Serikali iliwajengea waathirika nyumba mpya katika kijiji cha Waret. Viwanja vya karibu na makorongo vitaendelea kuwa na wateja, kwa sababu ni tambarare na maji yako jirani. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka mtoni, lakini mita hizo ziliwekwa kulinda mto. Anayenunua kiwanja mguuni pa mlima aende kiangazi, aangalie kama kuna mawe makubwa yaliyozikwa nusu kwenye udongo laini, mbali na mwamba wowote. Yakiwepo, amuulize mzee wa hapo yalifikaje, kabla hajatoa pesa.