Mikro-RNA katika Damu ya Mwenye Kifafa: Kwa Nini Ninaanza na Rangi ya Plazma

Hapa Moshi, mgonjwa anapoletwa kliniki kwa kuanguka na kupoteza fahamu, ndugu zake huulizwa alianza kukakamaa upande gani, kama alijing'ata ulimi, na alizinduka baada ya muda gani. Kifafa bado hutambuliwa zaidi kwa maelezo ya aliyeshuhudia, na mara nyingi shahidi huyo amebaki Rombo au Same. Ndiyo maana mimi, mtu wa maabara, ninaufuatilia kwa hamu utafiti wa RNA zisizotengeneza protini, yaani molekuli zinazonakiliwa kutoka kwenye vinasaba vya seli, kwa tumaini kwamba siku moja kuzipima katika damu kutasaidia kutambua kifafa.

Kati ya RNA hizo, zinazochunguzwa zaidi ni mikro-RNA, nyuzi fupi zenye nukleotidi zipatazo 22, ambazo hujishikiza kwenye RNA inayobeba maagizo ya protini na kuyazima au kuyapunguza makali. Victor Ambros na Gary Ruvkun walizielezea mwaka 1993 kutokana na mnyoo mdogo, na mwaka 2024 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel. Mwaka 2012, watafiti waliokuwa Dublin walionyesha kwamba panya waliozuiliwa mikro-RNA iitwayo miR-134 katika ubongo walipungukiwa na degedege. Baadhi ya mikro-RNA hutoka kwenye seli na kuingia katika damu zikiwa ndani ya vifuko vidogo vya mafuta au zimeshikamana na protini, hivyo hazisagiki upesi.

Tumaini hilo ni la kweli, lakini hatari yake iko kwenye chupa ya damu yenyewe. Chembe nyekundu za damu zimejaa mikro-RNA ziitwazo miR-451a na miR-16. Zikipasuka kwa sababu ya sindano nyembamba, chupa kutikiswa kwa nguvu au sampuli kuchelewa kuzungushwa kwenye mashine, viwango vya mikro-RNA hizo katika plazma, yaani sehemu ya majimaji ya damu, hupanda bila ubongo kuhusika hata kidogo. Kwa hiyo, kabla ya kupima chochote, mimi huinua chupa yenye kifuniko cha zambarau kwenye mwanga wa dirisha: plazma safi ina rangi ya majani makavu, na ile iliyoharibika ina wekundu wa maji yaliyooshea nyama. Wekundu hafifu usioonekana kwa macho tunautafuta kwa kulinganisha miR-451a na miR-23a, ambayo haibadiliki sana chembe zinapopasuka. Chupa yenye heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, siipokei kabisa, kwa kuwa dawa hiyo huzuia PCR, njia ya kuzidisha nakala za vinasaba ili zipimike.

Nina neno pia kuhusu kulinganisha wagonjwa na watu wenye afya njema, kama tafiti nyingi zinavyofanya. Daktari hahitaji kutofautisha mwenye kifafa na mzima. Anahitaji kumtofautisha na aliyezimia kwa moyo au kwa sukari kushuka, na hao ndio wanaopaswa kuwa kundi la ulinganisho. Fomu ya sampuli nayo sharti ioneshe saa ya degedege la mwisho na dawa anazotumia mgonjwa, iwe fenobabito au kabamazepini, kwa sababu damu iliyotolewa saa moja baada ya kuanguka haiwezi kusomwa sawa na ile ya wiki ya tatu ya utulivu.