Barua Isiyo na Jina Bado Ina Mwandiko

Msimu wa watalii ukiisha, hoteli za Malindi zikianza kupunguza watu, hunifikia swali lilelile: fulani pale kazini anakula pesa, nataka wakubwa wajue, lakini mimi nisijulikane. Mimi ni mkaguzi wa hesabu. Nasoma vitabu vya hoteli, maduka na vyama vya akiba, na barua nyingi za namna hii zimepita mikononi mwangu. Watu hulichunga sana jina, kisha hujitaja wenyewe kwa maelezo.

Tuchukue hoteli ya wafanyakazi thelathini. Karani wa stoo anaandika: "Jumanne jioni mpishi mkuu alileta risiti ya kolekole kilo 60 itiwe sahihi, na samaki walioingia hawakufika hata 20." Jina hakuweka, na ametuma kwa laini ya mtu mwingine. Lakini Jumanne jioni nani alikuwa stoo? Meneja hahitaji mpelelezi.

Sasa jambo hilohilo liandikwe hivi: "Linganisheni risiti za samaki za Mei na Juni na idadi ya wageni waliolala." Miezi hiyo kusi imekaza, mashua nyingi hazitoki, samaki ni wa shida, na vyumba vingi havina mtu. Kama jikoni inanunua kolekole kama vile ni Desemba, karatasi zitasema zenyewe. Na aliyeandika sentensi ile anaweza kuwa mhasibu, weita, muuza samaki, hata dereva wa kuleta mizigo. Hicho ndicho ninachowaambia wote: toa dokezo ambalo wengi wangeweza kulijua, na ambalo mtu mwingine anaweza kulithibitisha bila wewe kuwepo.

Kwa sababu hiyo sipendi watu wabebe mafaili ya ofisi. Nukuu namba ya risiti, tarehe na kiasi, basi. Wakaguzi watazitoa wenyewe kabatini. Mwaka 2017 kule Marekani, Reality Winner, mfanyakazi wa kampuni iliyohudumia idara ya ujasusi, alilipelekea gazeti la mtandaoni waraka wa siri. Wachunguzi walipoangalia kumbukumbu za mitambo waliona ni watu 6 tu walioutoa kwenye printa, na mmoja wao alikuwa amewasiliana na gazeti lile kwa kompyuta ya kazini. Ni hesabu ileile ya stoo.

Kompyuta na waifai ya ofisi usiziguse kwa kazi hii. WhatsApp inaonyesha namba yako, na laini ya Kenya imesajiliwa kwa kitambulisho. Faili la Word hubeba jina la mwenye kompyuta, na picha ya simu inaweza kubeba mahali ilipopigwa.

Halafu kuna la kuamini na la kuona. "Amejenga nyumba mtaa wa Barani, kwa mshahara gani?" Ni kweli kwamba kuishi juu ya kipato ni dalili inayojirudia sana kwa walaghai. Lakini huenda ana kaka Oman anayemtumia pesa, au amerithi. Lisemwalo lipo, tunasema barazani. Kwenye ripoti andika ulichokiona tu. Sheria ya Kenya ya kupambana na ufisadi ya 2003 inamlinda anayeipa habari tume ya kupambana na ufisadi, ila haimlindi anayesema jambo asiloliamini mwenyewe.

Ripoti ya 2024 ya ACFE, chama cha kimataifa cha wachunguzi wa ulaghai, inasema asilimia 43 ya visa viligunduliwa kwa sababu kuna mtu alidokeza, na zaidi ya nusu ya waliodokeza ni wafanyakazi. Wakaguzi wa nje, yaani sisi wenye suti na ada kubwa, tuligundua asilimia 3.

Upeleke wapi? Ikiwa hoteli ni ya mtu binafsi, mpelekee mwenye mali, hata kama yuko Milano, na si meneja anayekula sahani moja na huyo unayemshuku. Ikiwa ni pesa za umma, za kaunti au hospitali ya serikali, nenda EACC, ndiyo tume hiyo ya kupambana na ufisadi. Wana ofisi hapahapa Malindi na namba ya bure 1551, lakini mimi napendelea mfumo wao wa mtandaoni. Unafungua kisanduku bila jina, wao wanakuuliza maswali humo, nawe unajibu. Barua isiyoweza kuulizwa swali huishia droo ya mtu.

Sheria ya Hongo ya 2016 inamtisha anayemwandama mtoa habari kwa faini hadi shilingi milioni moja, au kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote. David Munyakei, karani wa Benki Kuu aliyefichua Goldenberg, kashfa ya mabilioni ya umma yaliyolipwa kwa dhahabu hewa, hakuwa na kinga hiyo alipokamatwa 1993. Alipoteza kazi, akahamia Mombasa, akafa fukara 2006.

Ukishatuma, msalimie mshukiwa kama ulivyozoea. Usiulizeulize kama kuna barua imefika. Wote wakihojiwa, jibu ulichoulizwa, usiwe wa kwanza kuapa. Ila kama mlishagombana kwa jambo hilohilo mbele ya watu, au ulilisema kikaoni mwezi uliopita, kuficha jina hakutakusaidia sana. Watakushuku wewe kwanza. Hapo muone wakili kabla ya kuandika neno lolote.