Bajeti ikishapita Bungeni, mbona mwanangu bado anadaiwa ada?

Kila mwaka wa masomo unapoanza, dirisha la uhasibu la chuo chetu hapa Moshi hupokea malalamiko yaleyale, na safari hii yamezidi. Mzazi anafika na ujumbe aliotumiwa kwenye kundi la ukoo kwamba Serikali imetenga mabilioni kwa elimu ya juu, kisha anauliza kwa nini kijana wake hajasajiliwa kwa sababu ya ada. Swali ni halali. Majibu yanayozunguka mitaani ndiyo mengi si sahihi, na baadhi yanawatia wazazi hasara.

Bunge linapopitisha bajeti mwezi Juni linatoa kibali cha kutumia. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, wakati sehemu kubwa ya kodi itakayogharamia bajeti hiyo haijakusanywa bado. Ibara ya 136 ya Katiba hairuhusu fedha kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina bila idhini ya sheria. Idhini ikishapatikana, Hazina hutoa fedha kwa awamu kadiri makusanyo yanavyoruhusu. Mkulima wa kahawa wa Kibosho au Rombo ataelewa haraka: kupima kahawa chama cha msingi ni jambo moja, kupokea malipo ya pili ni jingine, na katikati kuna mnada. Kwa hiyo mtu anaponiambia "fedha zenu zipo, Waziri kashasoma", naomba anielewe kwamba yaliyosomwa ni makadirio.

Chuo cha umma pia hakipewi kapu moja kikachota kitakavyo. Mishahara ya watumishi wa Serikali hulipwa na Hazina. Matumizi mengineyo ni ya umeme, maji, karatasi za mitihani na safari za kuwakagua wanafunzi walio kwenye mafunzo kwa vitendo. Fedha za maendeleo zina njia yake, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa zaidi. Mradi wa HEET, unaojenga majengo na kuweka vifaa katika vyuo vikuu kadhaa nchini, kikiwemo Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi na Taasisi ya Nelson Mandela kule Tengeru, ni mkopo wa dola za Marekani milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, ulioidhinishwa mwaka 2021. Fedha hiyo ina mkataba wake, mpango wake wa manunuzi na ukaguzi wake. Haihamishwi kwenda kupunguza ada, na ofisa atakayeihamisha atajibu hoja ya ukaguzi. Jengo kupanda huku ada ikibaki palepale si dalili ya wizi, na ningeomba tuhuma hiyo ikome.

Msilinganishe vyuo kwa kutazama majengo tu. Chuo cha Ufundi Arusha kiko chini ya Wizara ya Elimu, Chuo cha Uhasibu pale Njiro kiko chini ya Wizara ya Fedha, na Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru iko wizara nyingine kabisa. Kila wizara ina ukomo wake wa bajeti.

Ipo pia dhana ya elimu bila ada. Utaratibu huo ulianza mwaka 2016 hadi kidato cha nne, ukafikishwa kidato cha tano na sita katika mwaka wa fedha 2022/23. Hauhusu chuo. Uchangiaji wa gharama katika elimu ya juu upo tangu miaka ya 1990, na ada ni mapato ya ndani ambayo chuo kimekwisha kuyapangia kazi kabla mwanafunzi hajaripoti. Najua hali za nyumbani zilivyo, na ndiyo maana nasisitiza: njoo mapema uulize utaratibu wa kulipa kwa awamu, usisubiri wiki ya mitihani.

Malipo yote hufanywa kwa kontroli namba. Mwanafunzi huingia kwenye akaunti yake katika mfumo wa chuo, huomba ankara, hupata namba ya tarakimu 12, kisha analipia benki, kwa wakala au kwa simu. Kabla hujaweka namba ya siri, soma jina la taasisi linalotokea. Likitokea jina la mtu, acha. Ankara ina tarehe ya mwisho. Ikipita, omba nyingine. Ankara ya hosteli hailipi ada. Mama mmoja kutoka Same alituonyesha muamala wa laki sita uliokwenda kwa mtu aliyejiita mhasibu wa chuo. Kwenye mfumo hapakuwa na kitu, tukamwelekeza polisi, na ada ikabaki inadaiwa. Iliniuma sana.

Kuhusu mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu: bajeti yake ilipanda kutoka shilingi bilioni 464 mwaka 2020/21 hadi bilioni 570 mwaka 2021/22, kisha bilioni 654 mwaka 2022/23, mwaka ambao fedha ya chakula na malazi ilitoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Chuo hakipangi nani apate wala kiasi gani. Hiyo ni kazi ya Bodi ya Mikopo. Mwanafunzi asiposaini kupokea fedha zake kwa wakati, fedha hurudi Bodi, na kumlaumu ofisa mikopo hakusaidii.

Sehemu ya fedha hizo hutokana na marejesho. Wapo wahitimu wenye mikopo wanaoendelea kujificha wakihofia tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, ilhali iliondolewa mwaka 2021. Nanyi waajiri, wenye hoteli, kampuni za utalii na shule binafsi: mkiajiri mhitimu mnapaswa kuitaarifu Bodi ndani ya siku 28. Mnufaika wa mkopo anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na makato yanawasilishwa ndani ya siku 15 baada ya mwezi kuisha. Mkichelewa, adhabu ni asilimia 10 ya makato hayo kwa kila mwezi, na analipa mwajiri, si mfanyakazi. Kusema hamkujua kama ana mkopo hakuwaondolei wajibu. Muulizeni siku ya kusaini mkataba, cheti chake kikiwa mezani.